Upinde wa kwanza wa mtoto: wa plastiki, wa fito, rikavu au wa magurudumu?

Mtoto akishafunga kamba kwenye ufito na kuanza kunyemelea kuku wa bibi yake, swali limeshaingia nyumbani. Unaweza kumnyang'anya, na kesho atatengeneza mwingine nyuma ya banda usikomwona. Au unaweza kukaa naye, ukamtafutia upinde unaomfaa na mahali pa kuupigia. Mimi nilichagua hili la pili kwa ajili ya wapwa zangu wawili, kaka wa miaka 8 na dada yake wa miaka 6, ambao wanakaa Sakina, Arusha, na kila likizo ya Juni na Desemba huja kwetu Moshi. Tangu majirani na ndugu wawaone wakipiga mishale kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, wananiuliza jambo lile lile: ninunue upi?

Upinde unaomfaa mtoto wa jirani unaweza kuwa kosa kwa wako. Kwa hiyo nimeziweka hapa aina nne ambazo mzazi wa Arusha au Moshi anaweza kuzifikiria, nikazipitisha kwenye maswali yale yale.

Wa plastiki ni ule unaouzwa pamoja na midoli. Mishale yake ina kikombe cha mpira mbele, kinachonata kwenye kioo au mlango wa friji.

Wa fito ni wa kutengeneza nyumbani, kwa mti, mwanzi au bomba la plastiki la maji.

Rikavu ni upinde wa mafunzo ambao ncha zake zimejipinda kuelekea mbele, upande wa shabaha. Ndiyo aina inayoonekana kwenye Olimpiki.

Wa magurudumu, ambao wenye fani huuita kompaundi, una vigurudumu viwili nchani na nyaya zinazopita huku na huku.

Maswali ni matano: mtoto anaweza kuuvuta? Mshale wake unaweza kufanya nini? Unapatikana na kutengenezeka hapa kwetu? Utakaa naye muda gani? Na unamfundisha nini? Lipo na la sita, nalo linakuhusu wewe: una saa ngapi kwa wiki za kusimama kando yake? Upinde wowote usio wa plastiki unahitaji mtu mzima awepo mshale unapopachikwa kwenye uzi, kila mara, bila kuondoka kwenda kupokea simu.

Anaweza kuuvuta?

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea. Upinde wa kwanza niliomletea mpwa wangu niliuagiza mtandaoni. Muuzaji aliniambia ni "wa watoto", na kwenye picha kulikuwa na mtoto anatabasamu. Ulipofika, ulikuwa wa paundi 25. Kijana alisimama vizuri, akashika uzi, akavuta. Bega la kushoto likapanda hadi kwenye sikio, mgongo ukaegemea nyuma, tumbo likatoka mbele, na mkono wa kulia ukakwama kifuani ukitetemeka. Akaachia kwa sababu vidole vilikuwa vimemshinda, si kwa sababu alikuwa tayari. Uzi ukamchapa kwenye kigasha, ukaacha mstari mwekundu. "Mjomba, vidole vinauma," akasema, akaulaza upinde chini kwa heshima kabisa, na hakuugusa tena mpaka Desemba.

Ule mstari kwenye kigasha ulinifundisha kusoma namba. Uzito wa kuvuta huandikwa kwa paundi, na kwa kawaida hupimwa upinde ukiwa umevutwa inchi 28, ambao ni mvuto wa mtu mzima. Paundi 10 ni kilo 4 na nusu hivi. Mtoto havuti hadi inchi 28, kwa hiyo uzito anaoupata mkononi ni mdogo kuliko ulioandikwa. Kukadiria mvuto wake, mwambie atandaze mikono yote miwili kama msalaba, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawanya kwa 2.5. Mikono yenye upana wa sentimita 125 itakupa mvuto wa sentimita 50, yaani inchi 20 hivi. Kwa watoto wengi wa miaka 6 hadi 9, upinde ulioandikwa paundi 10 hadi 15 unatosha.

Kipimo cha kweli, hata hivyo, ni mwili wake. Avute hadi kidevuni, ashikilie huku mkihesabu hadi 5, kisha aurudishe uzi polepole bila kuuachia. Akiweza kurudia mara kadhaa bega lisipande na mgongo usiegemee, upinde ni wake. Akishindwa, usimwambie "utazoea". Atazoea vibaya, na kuondoa mazoea ya kuvuta kwa mgongo uliopinda ni kazi kubwa kuliko kuanza upya.

Wa plastiki hauna tatizo hapa, hata mtoto wa miaka 4 huuvuta. Wa fito ndio wa kubahatisha, kwa kuwa hakuna aliyeandika namba juu yake. Dawa yake ni mizani ya ndoano, ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia watoto kliniki. Ning'iniza mizani, tundika uzi wa upinde kwenye ndoano katikati, kisha vuta mpini kwenda chini hadi kati ya uzi na mpini pawe na sentimita 50. Ikisoma zaidi ya kilo 5, parura upinde kwa kisu upande unaomtazama mpigaji, kidogo kidogo, mikono yote miwili ya upinde (sehemu zinazopinda, juu na chini ya mpini) sawa, na upime tena.

Rikavu huandikwa paundi na urefu kwenye mkono wake wa chini, kwa hiyo unaweza kuchagua kwa uhakika. Kwa mtoto mdogo tafuta wa inchi 48 au 54. Wa magurudumu una mambo mawili ndani yake. Kompaundi ya kawaida ni ngumu katikati ya mvuto kisha hulegea ghafla mwishoni, na sehemu kubwa ya uzito huondoka, hivyo mtoto anaweza kushikilia na kulenga kwa utulivu. Lakini lazima kwanza avuke ule ugumu wa katikati, na lazima upinde urekebishwe uendane na urefu wa mvuto wake. Kisha kuna kompaundi za mafunzo, inayojulikana zaidi ikiwa Genesis, ambazo hazina kulegea na hazina mvuto maalumu. Genesis ya kawaida hurekebishwa kati ya paundi 10 na 20 na huvutwa kuanzia inchi 15 hadi 30. Mtoto, mama yake na mimi tunaweza kupokezana huo huo mmoja. Ipo na ndogo yake, ya paundi 6 hadi 12, kwa wadogo zaidi.

Mshale wake unaweza kufanya nini?

Watu huogopa upinde, ilhali cha kuogopa ni mshale. Hili huku kwetu linajulikana kuliko sehemu nyingi. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, hubeba mishale ya namna kadhaa: yenye ncha ya mti mtupu kwa ndege na wanyama wadogo, yenye chembe cha chuma kilichofuliwa na wahunzi wa Kidatoga, na iliyopakwa sumu kwa wanyama wakubwa. Wamasai wana mshale mdogo wa kutoa damu kwa ng'ombe, uliofungwa kizuizi karibu na ncha ili utoboe mshipa wa shingo na usizame zaidi, na vijana wao waliotoka kutahiriwa hupiga ndege kwa mishale butu. Upinde unaweza kuwa ule ule, na kinachoamua jeraha ni kilichopo mbele ya mshale. Kwa mtoto anayeanza, anza na swali hilo kabla ya kuuliza rangi ya upinde.

Mshale wa plastiki ni salama mpaka mtoto atakapoking'oa kile kikombe. Nimeona kikitolewa kwa meno siku ya kwanza, ili mshale "uingie". Kinachobaki ni kijiti chenye ncha, na jicho la mwenzake liko mita mbili mbele. Ukinunua aina hii, gundisha vikombe upya kwa gundi kali, na kikitoka mara ya pili tupa mshale.

Mishale ya fito unaitengeneza mwenyewe kwa tete au mwanzi mwembamba, na hilo ni faida, maana unaweza kuifanya butu: funga kitambaa nchani, kikaze kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hatari yake ni kupasuka. Kabla ya kila mchezo pinda kila mshale taratibu karibu na sikio lako. Ukisikia unalia au ukiona ufa, uvunje vipande viwili hapo hapo mtoto akiona, asije akauokota kesho. Upinde wenyewe pia unaweza kukatika. Bomba la plastiki lililokaa juani juu ya bati miaka mitatu linaonekana zima, lakini likipindwa hupasuka vipande vikali. Tumia jipya, au tumia mwanzi.

Mishale ya rikavu na ya magurudumu ina ncha ya chuma. Hata paundi 12 zinatosha kuingia mwilini, kwa hiyo tofauti kati yao ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa uzito ule ule, wa magurudumu hurusha mshale kwa kasi zaidi, na hivyo unahitaji nafasi ndefu zaidi nyuma ya shabaha. Kwa wote wawili mshale wa mtoto uwe mrefu kuliko mvuto wake kwa inchi mbili au zaidi. Mshale mfupi ukivutwa kupita kiasi ncha huingia nyuma ya mkono ulioshika upinde, na hilo ndilo jeraha baya kuliko yote katika mchezo huu. Na wote wawili hauachiwi uzi bila mshale kuwapo. Nguvu iliyokuwa iende na mshale hurudi kwenye upinde. Rikavu inaweza kupasuka mkono, na kompaundi hutoka nyaya kwenye vigurudumu vyake.

Mahali pa kupigia pana uzito kuliko aina ya upinde, na hapa Moshi tuna bahati. Ukishakata mkungu, ule mgomba unaobaki umesimama au kuangushwa ni shabaha nzuri mno: laini, umejaa maji, mshale unaingia bila kuruka na unatoka kwa mkono mmoja. Tunaulaza kwenye ukingo wa udongo kando ya mfereji, ili mshale uliopita juu uishie kwenye udongo. Unadumu siku chache kabla haujalegea na kuoza, kisha unakwenda kwa ng'ombe au kwenye mbolea. Mvalishe mtoto nguo za shamba, utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo.

Uani kwa dada yangu Sakina hakuna mgomba wala ukingo, kuna ukuta wa tofali, na mshale ukigonga tofali unarudi. Huko tunatumia kiroba kilichoshindiliwa matambara ya mitumba mpaka kikawa kigumu kama godoro jipya, na nyuma yake blanketi nzito linaning'inia likiwa limelegea. Mshale mwepesi uliokosa kiroba unajikunja kwenye blanketi na kudondoka. Tairi kuukuu lisitumike, linaurusha mshale nyuma.

Umbali wa mwanzo ni mita 4 au 5, hata kama mtoto ananung'unika kwamba ni karibu. Filimbi ni ile inayotumika katika mchezo huu duniani: mbili kusogea kwenye mstari, moja kupiga, tatu kwenda kuchukua mishale, na tano au zaidi mfululizo maana yake acha kila kitu. Watoto huipenda filimbi kuliko unavyotegemea. Yule wa miaka 6 ndiye mpuliza filimbi wetu, na hakuna anayethubutu kuvuka mstari mbele yake.

Neno moja kuhusu sheria. Upinde na mishale ni silaha, na kuingia na silaha ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa. Mkienda kutembea Hifadhi ya Arusha au ya Kilimanjaro, upinde ubaki nyumbani, hata ule mdogo. Na mtoto ajue tangu siku ya kwanza kwamba ndege, paka na mbwa wa jirani si shabaha.

Kupata na kutengeneza

Wa plastiki unaupata kwenye maduka ya midoli, na ukiharibika hautengenezwi.

Wa fito unaanza na panga na subira. Mkole hutoa fito nyoofu zinazopinda bila kukatika kirahisi, na mwanzi uliopasuliwa unafaa pia, mradi ganda la nje litazame shabaha, kwa kuwa nyuzi zake ndizo zinazobeba mvutano. Mti mbichi ukipindwa hubaki umepinda. Ukaushe kivulini kwa wiki kadhaa, ukiwa umeondolewa gome, la sivyo bungua watakutangulia. Kamba ya nailoni ya kuanikia nguo hurefuka na kufanya upinde ulegee. Bora uzi wa fundi viatu, nyuzi kadhaa zikasokotwa pamoja na kupakwa nta ya nyuki. Fundi viatu huyo huyo atakukatia kipande cha ngozi ya kiatu kuukuu cha kulinda vidole vitatu vya kuvutia. Kinga ya kigasha ni soksi ndefu ya shule iliyokatwa kidole, ikavutwa hadi kwenye kiwiko. Uzi ukichapa, unachapa soksi.

Rikavu na wa magurudumu mara nyingi ni vya kuagiza. Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji maswali haya na usubiri majibu kwa maandishi: paundi ngapi, urefu gani, wa mkono wa kulia au wa kushoto, uzi wa akiba upo, mishale mingapi na ya urefu gani. Uliza pia Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhusu ushuru kabla mzigo haujaondoka huko uliko. Mishale hupotea kwenye nyasi, kwa hiyo mitatu haitoshi. Anza na sita.

Katika matengenezo tofauti ni kubwa. Rikavu una sehemu chache: uzi unaupaka nta, baada ya kupiga unautoa ili upinde upumzike, na uzi ukichakaa unaweka mwingine kwa mikono yako mwenyewe. Wa magurudumu unakaa umefungwa uzi wakati wote, na kubadilisha nyaya zake kunahitaji mashine maalumu ya kuubana. Hiyo si kazi ya kumpelekea fundi baiskeli, hata awe hodari namna gani. Ukiuchagua, nunua uzi na nyaya za akiba pamoja nao, na uwe na mtu unayejua atazifunga. Vyote viwili usiviache ndani ya gari juani mwezi wa Januari.

Utakaa naye muda gani?

Wa plastiki ni wa wiki kadhaa. Wa fito ni wa mwaka, kisha unatengeneza mwingine mrefu zaidi, na mtoto anakusaidia kuparura. Rikavu wa kipande kimoja utamfaa mwaka mmoja hadi miwili. Ule unaofunguka vipande vitatu ni akiba nzuri zaidi kwa siku za mbele, maana mpini unabaki na unabadilisha mikono tu nguvu zinapoongezeka. Kompaundi ya kawaida ya watoto hurekebishwa ndani ya mipaka yake. Zile za aina ya Genesis ndizo zinazokaa muda mrefu kuliko zote, tangu mtoto wa shule ya msingi hadi mtu mzima.

Unamfundisha nini?

Wa plastiki unafundisha zamu. Mtoto wa miaka 5 anayeweza kusubiri mwenzake apige mishale mitatu ndipo asogee, ameshapata jambo kubwa, nami siudharau.

Wa fito unafundisha mkono na jicho kuelewana bila vifaa vya kulengea. Unamfundisha pia kwamba kitu kinatengenezwa. Wavulana wa Kihadzabe huanza na pinde ndogo wakiwa na umri mdogo kabisa, na hukua nazo, wakizungukwa na wakubwa wanaozitengeneza mbele ya macho yao. Siwezi kumpa mpwa wangu maisha hayo, lakini naweza kukaa naye kwenye kigoda alasiri nzima, yeye na msasa, mimi na kisu. Siku upinde wake ulipopata umbo aliupitisha kidole kutoka ncha hadi ncha, akasimama pale palipokuwa pamebaki mgongo kidogo, akasema, "Hapa bado, mjomba." Alikuwa sahihi.

Rikavu unafundisha mwili: miguu upana wa mabega, bega la mbele limeshuka, kiwiko cha nyuma kimeinuka, uzi umegusa kidevu mahali pale pale kila mara. Hauna msaada wowote, hivyo kosa la mtoto huonekana kwenye shabaha. Kwa anayeota mashindano, hii ndiyo njia ndefu na ya moja kwa moja. Olimpiki hupigwa kwa rikavu katika mita 70, kwenye shabaha ya sentimita 122 ambayo duara lake la pointi 10 lina upana wa sentimita 12.2. Kwa wazazi wanaoniambia mchezo huu ni wa wavulana: timu ya wanawake ya Korea Kusini ilishinda dhahabu ya timu katika kila Olimpiki tangu 1988 hadi 2024, mara 10 mfululizo.

Wa magurudumu unampa mtoto kupata mapema, na kupata mapema kunamrudisha kesho. Hasa yule anayekata tamaa haraka. Mpango wa kufundisha upigaji mishale shuleni ulioanza Kentucky, Marekani, mwaka 2002 uliichagua Genesis kwa sababu darasa zima linaweza kutumia upinde wa aina moja. Kwa miaka mingi kompaundi haikuwa na nafasi Olimpiki. Itaingia Los Angeles 2028 katika mashindano ya timu mchanganyiko ya mwanamke na mwanamume.

Kabla hujalipa: jicho lipi?

Hili wengi hulisahau, na linaharibu ununuzi mzuri. Mwambie mtoto anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize tundu dogo, na akutazame puani kupitia tundu hilo, macho yote yakiwa wazi. Jicho unaloliona ndani ya tundu ndilo linaloongoza. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia anaweza kuwa na jicho la kushoto linaloongoza, na mara nyingi atapiga vizuri zaidi akivuta kwa mkono wa kushoto. Rudia siku mbili tatu, maana kwa wadogo jibu hubadilika. Ukiwa na wasiwasi, muulize muuzaji akueleze. Wa fito na wa plastiki hutumika mikono yote, ila rikavu na wa magurudumu kwa kawaida hutengenezwa kwa upande mmoja, wa kulia au wa kushoto.

Ukiwa katika hali hii

*Mtoto ana miaka 4 hadi 6, na nyumba ina wadogo wengine.* Wa plastiki, ukisimamiwa, pamoja na filimbi na mstari wa chaki. Kama una kihamba na alasiri za kutosha, wa fito wenye uzito wa kuvuta wa kilo mbili tatu na mishale butu utampendeza zaidi.

*Ana miaka 6 hadi 9, bado hujui kama hamu itadumu.* Wa fito kwa likizo moja. Utajua kwa mgomba: siku ulipooza, kama alikuja kuuliza utakatwa lini mwingine, hamu ipo.

*Ana miaka 8 na kuendelea, mtulivu, anasikiliza, na wewe una saa mbili kila Jumamosi.* Rikavu unaofunguka, paundi 10 hadi 14. Ikiwa ni mrefu na mwenye nguvu bado anza hapo, kisha badilisha mikono.

*Watoto ni watatu au wanne wa umri tofauti, au ni shule inayotaka kuanzisha kikundi.* Wa magurudumu usio na mvuto maalumu, kwa kuwa unapita mkono kwa mkono. Hakikisha kwanza nani atautengeneza.

*Unakaa nyumba ya kupanga, ua mmoja na familia nne.* Usinunue wenye mishale ya chuma kabla hujapata mahali kwingine pa kupigia na ruhusa ya mwenye eneo. Wa plastiki ndani ya ukumbi unatosha kwa sasa, na siku za likizo kwa bibi zitakuwa za fito.

*Huna muda, na utamwachia dada wa kazi amsimamie.* Wa plastiki tu. Dada asibebeshwe dhamana ya mishale ya kweli.

*Mtoto ana ulemavu.* Usiufunge mlango. Upigaji mishale ulikuwepo kwenye michezo ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948, ambako mashindano ya watu wenye ulemavu yalichipukia, na washindani wake walikuwa kwenye viti vya magurudumu. Matt Stutzman wa Marekani, aliyezaliwa bila mikono, huushika upinde kwa mguu, na alichukua dhahabu kwenye Paralimpiki ya Paris 2024. Anayekaa kwenye kiti ajaribu rikavu mwepesi au wa magurudumu, akae ubavu kuelekea shabaha, na uzi uangaliwe usiguse gurudumu wala sehemu ya kuwekea mkono. Mwenye mkono mmoja dhaifu anaweza kuvuta kwa meno, kwa kipande cha ngozi kilichofungwa kwenye uzi, lakini hapo tafuta kwanza ushauri wa daktari wa meno na mtaalamu wa viungo.

*Tayari umenunua mzito, kama mimi.* Usimlazimishe na usiutupe. Ule wa paundi 25 naupiga mwenyewe jioni, watoto wakiwa nyuma ya mstari. Likizo iliyopita mpwa wangu aliniomba aushike. Akavuta, akashikilia, tukahesabu hadi 3, bega likaanza kupanda, akaurudisha uzi polepole bila kuuachia na kunikabidhi. Kisha akachukua wake wa fito.